Wasiojiweza wa Wiki Moja

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu amepata nafasi chuoni. Hongera zake! Ada ni balaa. Duka langu la vifaa vya ujenzi linaweza kuilipa, lakini kwa nini nilipe wakati kuna msaada wa wasiojiweza? Nimemwambia sisi sasa ni wasiojiweza. Akauliza, "Tangu lini, baba?" Tangu asubuhi! Mtoto hana shukrani.

Jumanne, 4 Machi
Afisa wa misaada atapita nyumbani kwa waombaji. Nimehamishia makochi, friji na televisheni kwa jirani, yule mama mshonaji. Mjane, chumba na sebule, paa linavuja (mabati alinunua kwangu). Nimemdanganya kwamba tunapuliza dawa ya kunguni. Kanipokelea vyote, bila hata swali. Watu wengine hawana akili ya maisha. Mke wangu amegoma kutoa kitanda. Kitanda kimebaki.

Alhamisi, 6 Machi
Afisa kaja, dada mmoja mwenye miwani. Nilivaa shati la mpaka rangi wa dukani. Nikamkalisha juu ya ndoo. Nikakohoa. Nikalia kidogo, vizuri sana. Alipouliza kazi yangu, nikasema vibarua. Simu ikalia: mteja anaulizia nondo zake. Nikamwambia amekosea namba. Akapiga tena, akaniita bosi! Nikazima. Afisa akaaga, akaingia moja kwa moja kwa mshonaji. Kumbe mwanawe naye ameomba! Na makochi yangu yamo humo!

Ijumaa, 7 Machi
Mshonaji kanyimwa. Afisa alikuta makochi ya ngozi na televisheni pana kama mlango, akamwambia watu kama yeye ndio wanaowaibia maskini. Mama wa watu macho yamevimba. Nikamuuliza kwa nini hakusema vitu ni vyangu.
"Ningesemaje, jirani? Ningekutangaza kwamba una kunguni?"
Nilifikiria kwenda kusema ukweli. Nilifikiria sana. Kisha nikalala.

Jumatatu, 10 Machi
Msaliti ni damu yangu mwenyewe! Binti kaenda ofisini, kasema yote: duka, makochi, mpaka kikohozi. Kijana wa mshonaji sasa atalipiwa kila kitu. Sisi tumefutwa. Nikafoka kwamba amenivua nguo hadharani. Akajibu kwamba hata shati lenyewe halikuwa langu. Mama yake alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 12 Machi
Nimelipa ada. Inauma kuliko jino. Mshonaji hanisalimii, na wabebaji wamenitoza mara mbili kurudisha makochi. Kijicho tu.
Lakini pale chuoni, kwenye ubao wa matangazo, nimeona ufadhili mwingine: wa watoto waliofiwa na baba. Na wafadhili hawa hawatembelei nyumba! Nimemuuliza mke wangu kama anaweza kuwa mjane, kwa miaka minne tu.
Amekubali upesi mno.