Tairi Pana za Harusi ya Neema

Ndugu zangu, leo nimevuliwa nguo hadharani nikiwa nimevaa suti ya vipande vitatu.

Nimerudi nyumbani, nimefunga mlango, nimefunga na pazia. Naandika nimekaa sakafuni kwa sababu hata viti vinanitazama. Nawasimulia mwenyewe kabla Otieno hajawasimulia, maana yule Mkenya ataongeza chumvi. (Mimi siongezi chumvi. Mnanijua.)

Wengi wenu mnalijua gari langu. Kwa msiolijua: ni la Kimarekani, la miaka ya sabini, milango miwili, silinda nane, jekundu kama pilipili iliyoiva. Boneti yake ni ndefu kiasi kwamba taa za mbele zikifika mji wa Södertälje, mimi dereva bado niko kwetu Norsborg natafuta funguo. Nikiliwasha, ving'ora vya magari ya majirani vinaitikia. Wazee wa Kiswidi wanaopenda magari haya hunipungia mkono barabarani kama vile tulisoma pamoja. (Kusoma nimesoma jioni, baada ya kazi, na cheti kiko ukutani kando ya picha ya gari. Cheti ni kidogo kuliko picha, lakini kina mhuri.)

Kasoro yake ilikuwa moja. Tairi. Lilikuwa na tairi nyembamba kama za baiskeli na rimu za chuma zilizoliwa na kutu. Simba mzima, kavaa ndala.

Sasa mkae vizuri, maana hapa ndipo maisha yangu yanapoingia. Kuna msichana anaitwa Furaha. Mimi na Furaha tumekubaliana. Wazazi wake ndio bado, kwa sababu hawajaulizwa. Mama yake, Mama Neema, alikuwa akinijua kwa jina la "yule kijana wa kelele". Basi dada yake Furaha, huyo Neema mwenyewe, akatangaza kwamba siku ya harusi yake anataka gari langu limpeleke kanisani. Nikaona mlango umefunguka. Nikimfikisha bibi harusi salama, mama yake akashuka akitabasamu, nitatuma wazee. Nikiharibu, nitazeeka peke yangu na gari.

Kwa hiyo wiki iliyopita nikamchukua Otieno, tunayefanya naye kazi ghalani, tukaenda karakana moja ya tairi Södertälje. Otieno akaenda moja kwa moja kwenye tairi nyembamba zenye mstari mweupe ubavuni.

"Chukua hizi. Ndizo gari ilizaliwa nazo. Gari ya mzee inavaa viatu vya mzee."

"Otieno, hii ni harusi, si mazishi."

Macho yangu yalikuwa kwingine. Kwenye kona kulikuwa na rimu za mikono mitano, zimeng'aa hivi, unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Na tairi za nyuma! Pana. Ukiilaza moja unaandaa chakula cha watu sita na nafasi ya jagi inabaki.

"Hizo zitakula madgadi," Otieno akasema.

"Nitapima."

Mwenye karakana, Mswidi wa maneno machache, aliniuliza swali moja tu: huwa unabeba watu nyuma? Nikamjibu kwa Kiswidi changu cha shule ya jioni, chenye sarufi iliyopigwa pasi: "Mimi na upepo tu." Akainua mabega, akafunga tairi.

Gari liliposhushwa kwenye jeki nikapima kama msomi. Kati ya tairi na madgadi ya nyuma, yale mabati yanayolifunika, vilipita vidole vitatu. Na vidole vyangu si vya mpiga kinanda, ni vya mtu aliyelima mihogo kwetu Uvira. Nikamwonyesha Otieno: "Vitatu. Hii inaitwa sayansi." Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa, naomba mlitambue hilo. Ilikuwa hesabu ya gari tupu.

Leo asubuhi nimeliosha mpaka mawingu yakaona haya kunyesha. Nikafunga utepe mweupe kwenye boneti, nikaendesha taratibu hadi nyumbani kwa kina Neema hapo Norsborg. Watoto wakatoka. Mzee mmoja wa jirani akatoka na kamera. Nikashuka, nikazunguka gari mara mbili bila sababu.

Nilikuwa nimejiandaa kumbeba Neema. Neema ana uzito wa paka. Lakini kwetu bibi harusi hatoki kwao peke yake, anasindikizwa na mama zake. Mila naijua. Nilidhani tu kwamba hao mama watapanda basi dogo pamoja na Furaha. Kumbe basi dogo lilikuwa limeshatangulia na vyombo, vinywaji na vijana wa kwaya.

Mlango ukafunguka. Wakatoka Mama Neema, dada yake Mama Mukubwa, na Shangazi Esta. Vitenge sare, vilemba vimesimama. Mama zetu hawa, Mungu awazidishie, waliumbwa siku ambayo Mungu hakuwa na haraka.

Nyuma wakaingia Mama Neema na Mama Mukubwa, bibi harusi katikati kama barua ndani ya bahasha. Mbele akakaa Shangazi Esta. Nikadhani tumemaliza. Mama Neema akatoa kichwa dirishani.

"Baba, ingia kwa jikoni. Kuna sufuria ya samaki. Vijana ya kwaya sikuwapatia, wangeonja."

Sufuria ile unaweza kubatizia watu. Nikaiweka kwenye buti. Gari likashusha pumzi. Mimi, msomi, nikadhani linasujudu.

Tukaondoka. Mama wakaanza wimbo. Tulipokata kona ya kwanza nikasikia kitu kinasugua. Nikaongeza sauti ya kuitikia wimbo.

"Kuna mutu anaunguza bugali?" Shangazi Esta akauliza, akinusa.

"Ni tairi mpya, shangazi. Zikiwa mpya hunukia."

Kisha tukafika kwenye tuta. Tuta la kawaida, lile la kuwalinda watoto. Tairi za mbele zikapita. Za nyuma zikatoa mlio kama mbuzi aliyefungiwa mlango mkiani, moshi ukapanda pande zote mbili, na gari likasimama mbele ya kituo cha basi. Kituo kilikuwa kimejaa. Hatukuwa tumeiaga hata Norsborg.

Nikashuka, nikachuchumaa. Vile vidole vitatu havikuwepo. Hata ukucha haukupita. Madgadi yalikuwa yamekaa juu ya tairi kama kuku juu ya mayai.

Nikatoa sufuria ya samaki, nikaiweka kando ya barabara. Gari likainuka unene wa unywele. Nikatoa jeki. Nikatoa tairi la akiba. Nikavua koti langu, nikaliweka juu ya sufuria. (Sijui nilitarajia nini kwa koti.) Hakuna kitu. Watu wa kituoni walikuwa wameacha kutazama kama basi linakuja.

Sasa mlioko ugenini siku nyingi nisaidieni kukumbuka: mama mkwe mtarajiwa, kwetu, hata kumtazama usoni ni kazi. Utaanzaje kumwambia habari za mwili wake? Nikainama dirishani, macho yangu kwenye kitasa.

"Mama, hewa ya nje leo ni nzuri sana."

"Tunaisikia, baba. Dirisha iko wazi."

"Labda mngenyoosha miguu kidogo."

"Miguu yetu iko muzuri. Gari yako ndio inaumwa. Inaumwa nini?"

"Ni uzito, mama. Umezidi kidogo."

Wimbo ukakatika.

"Uzito ya nani?"

Ndugu zangu, nimefanya mitihani ya hesabu, ya historia, na ya Kiswidi cha kuandika. Swali gumu kama lile sijawahi kukutana nalo. Nikatazama mbinguni. Nikatazama kituo cha basi. Nikatazama sufuria.

"Ya samaki, mama."

"Samaki umekwisha kumushusha."

Ndipo Neema, aliyekulia hapa na hajui kuzungusha maneno, akasema kwa Kiswidi, maneno matatu hivi, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni, kwamba wao ndio wazito, washuke. Watu wa kituoni wote wanajua Kiswidi. Kijana mmoja aliyekuwa akinipiga picha na simu akashusha simu kwa heshima. Halafu akaipandisha tena.

Mama Mukubwa akashuka. Gari likainuka kidole kimoja. Shangazi Esta akashuka. Kidole cha pili. Mama Neema akashuka mwisho, taratibu, akakiweka kilemba sawa, na gari likainuka kidole cha tatu. Hesabu ilirudi kamili, mbele ya mashahidi.

"Tutapanda treni," Mama Neema akasema. "Treni haijawahi kuniuliza nimekula nini."

Nikambembeleza niite teksi. Akakataa kwa mkono. Wakageuka kuelekea kituo cha treni, vitenge vitatu vimepangana kama bendera. Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikiogopa samaki asije akabaki barabarani, nikabeba sufuria nikairudisha kwenye buti.

Mama Neema akageuka.

"Samaki anapanda?"

"Ndiyo, mama. Yeye ni mwepesi."

Hilo nililisema. Kwa kinywa changu, chenye cheti.

"Haya," akasema, akaenda zake.

Mimi na Neema tulifika kanisani Hässelby kama tumepeperushwa. Gari tupu na tairi zile, jamani, linakwenda kama sala ya mtoto. Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa. Ni mzee mtaratibu, haongei sana. Akanifungulia mlango mwenyewe, akitabasamu. Akamtoa binti yake. Akachungulia ndani. Tabasamu likaondoka.

"Mama zake wako wapi?"

"Wako njiani, baba."

"Na gari gani?"

"Na treni."

Akatazama viti vitupu vya nyuma. Akanitazama mimi. Watu waliokuwa nje, na walikuwa wengi kama soko la Jumamosi, wakasogea. Furaha alikuwa mbele yao, amevaa gauni la kijani, ananitazama kwa macho ya mtu anayeomba Mungu iwe kuna maelezo. Nikafungua mdomo niyatoe hayo maelezo. Kabla sijatoa, kijana wa kwaya akafungua buti.

"Baba, sufuria ya samaki imefika salama."

Baba Neema akaitazama ile sufuria. Kisha akasema polepole, kama hakimu anayehakikisha amesikia vizuri:

"Kwa hiyo samaki wa mke wangu amepanda gari. Na mke wangu amepanda treni."

Otieno akaketi kwenye ngazi za kanisa. Alicheka mpaka mchungaji akachungulia akidhani kuna mtu ameshukiwa na roho.

Na kwetu bibi harusi haingii bila mama zake. Tukasubiri. Kwaya iliimba nyimbo zote inazozijua, ikaanza za Krismasi. Bwana harusi alikuwa akichungulia dirishani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mimi nilisimama kando ya gari langu, na kila mgeni aliyefika aliuliza, na kila aliyeulizwa alinionyesha kwa kidole.

Hatimaye tukasikia vigelegele kutoka upande wa kituo. Mama watatu walikuwa wanakuja wakicheza, vilemba havijatikisika, na nyuma yao mama mmoja wa Kisomali waliyekutana naye ndani ya treni, anapiga vigelegele kuwazidi wote, na Waswidi wawili wenye mifuko ya dukani ambao nadhani walikuwa wanaenda kwao. Harusi haikuharibika. Kusema kweli iliingia kanisani na msafara mkubwa kuliko ule ambao gari langu lingeuleta.

Lakini mimi nilijua ukumbini kuna foleni ya chakula, na anayegawa ni Mama Neema.

Nikapanga mstari nyuma ya Otieno ili anifiche. Hakunificha, alihama. Nikanyoosha sahani, macho chini. Akaniwekea wali. Akaniwekea sombe, kisamvu chetu. Akaniwekea nyama, vipande viwili, nikaanza kupata matumaini. Akachota samaki, akamleta mpaka juu ya sahani yangu. Mwiko ukasimama hewani.

"Huyu hapana, baba. Ni muzito. Utashindwa kusimama."

Akamrudisha sufuriani. Foleni nzima ikalala kwa kicheko. Shangazi Esta alijifuta machozi kwa kona ya kitenge. Furaha alicheka akaangusha uma, akainama kuuokota, hakuinuka tena.

Nikageuka niondoke na wali wangu. Mama Neema akanishika mkono wa koti, akanisogeza karibu, akasema kwa sauti ya chini ambayo foleni haikusikia:

"Furaha amenieleza. Mwezi unaokuja ulete wazee yako nyumbani, tuongee."

Nikainama mpaka tai ikaingia kwenye sombe. "Asante, mama. Asante sana."

"Lakini mupande treni," akasema, na akaita anayefuata.

Basi, ndugu zangu, anayetaka kucheka namwomba avumilie mpaka nimalize kuoa. Tairi zile naziuza, bado mpya, zimenuka mara moja tu. Anayezitaka aje kuzijaribu, ila aje na mama mkwe wake.