Skrini Nyeusi ya Ratri

Jumatatu, 4 Agosti
Kibanda cha kahawa cha mama Bu Sumi, Yogyakarta. Watu wa Linux, mfumo wa kompyuta unaoupanga mwenyewe, tumejaa. Ratri kafungua laptopu yake kuukuu. Skrini nyeusi tii. Hakuna picha, hakuna vitufe, hata saa hakuna. Kabonyeza kibodi mara moja: kivinjari kikajaa skrini nzima. Mara ya pili: viwili, nusu kwa nusu. Kipanya hakugusa. Nimependa hadi nikasahau kahawa. Jumamosi tunachagua wa kufundisha wageni wa Linux pamoja naye. Lazima niwe mimi, si Bagas na mapicha yake ya moto kwenye skrini.

Jumanne, 5 Agosti
Kwetu mipangilio ya kompyuta hugawiwa kama sambal, pilipili ya kusaga ya mezani: chukua tu, ila ukiulizwa ndani mna nini, ujue. Ratri kanipa yake yote. Kasema kwa heshima, Mas Wisnu, soma kwanza kila mstari. Nimemwambia bila shaka. Nimenakili yote. Mistari chungu nzima, nani ana muda?

Alhamisi, 7 Agosti
Mazoezi. Kivinjari changu kilichokuwa kikihema sasa kinafunguka kabla sijainua kidole. Baadaye kikajifunga chenyewe. Kimejua nimechoka. Ustaarabu wa ajabu!

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu. Nimesimama mbele ya wote, nikasema kila mstari ni jasho langu. Katikati ya maelezo kivinjari kikatoweka. Nikasema kinapumzika. Bagas akauliza ni mstari gani unaokipumzisha. Nikakohoa. Akasema, "Mas, hata hii soya ya tempe unayokula hapa tunajua kakaanga nani." Watu wakacheka, Bu Sumi kuliko wote. Ratri hakucheka. Akaonyesha mstari: kauweka mwenyewe ufunge kivinjari kila nusu saa, la sivyo hamalizi tasnifu. Mtu anayejijua hivyo! Bagas kachaguliwa. Nimeumia, nasema kweli.

Jumapili, 10 Agosti
Ratri kanitumia mipangilio mifupi, ya kuanzia. Kasema nisome pole pole, atanieleza nisipoelewa. Roho nzuri iliyoje. Lakini bado ni mirefu. Kuna jamaa wa Bandung, skrini yake haina hata kishale cha kipanya. Nimeshanakili mipangilio yake. Nyeusi kabisa, nzuri mno. Kivinjari kinafunguliwa na kitufe gani, sijui. Nimejaribu vyote. Ratri akiiona, atanionea wivu.