Bonde la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Nimevuna soya. Aibu tupu. Kipande changu cha majaribio huku mlimani hakijajaza hata nusu gunia, na punje zenyewe changarawe. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana kipande cha ukubwa uleule kule bondeni. Gunia lake limejaa mpaka limegoma kufungwa. Na mbegu ni moja! Mtafiti wa kilimo anayefanya majaribio haya alitugawia kutoka mfuko mmoja, nikiona. Mwenye soya bora atapata mkataba wa kulimia kiwanda cha unga wa watoto. Nimeshawatangazia watu wote kwamba ni wangu.

Mke kasema kaka yake ana mkono mzuri. Mkono gani? Bonde lina maji. Hata ukipanda kijiko kitaota.

Jumatano, 5 Juni

Mtafiti kapita. Kaeleza tena kwamba anataka kuona udongo, mvua na joto vinaibadilishaje mbegu moja, uzito wake na kilichomo ndani ya punje. Nimetikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilichokishika ni uzito.

Kesho anapima. Gari lake halifiki bondeni, kwa hiyo magunia yote mawili yako barazani kwangu, kila moja na kikaratasi cha jina. Mke katoka kwenda sokoni. Nimefungua kamba, nimefunga kamba. Vikaratasi vimehama. Jasho limenitoka, lakini roho imetulia. Shemeji ana moyo mkubwa, hataumia sana.

Alhamisi, 6 Juni

Mizani imenipenda! Gunia lenye jina langu limeshinda kwa mbali sana. Shemeji kaduwaa, kasema soya hii haifanani na yake. Nimemweleza kuwa soya husinyaa ikikaa barazani. Mke kanitazama kwa jicho la pembeni.

Kisha mtafiti kachota kikombe kimoja cha punje kutoka kila gunia, kapeleka maabara. Sikumwelewa. Kitu kimeshapimwa, maabara ya nini? Kinaumwa?

Jumanne, 18 Juni

Balaa. Karatasi ya maabara imerudi, ina muhuri. Soya yenye jina langu ina uzito mwingi, protini kiduchu. Ya shemeji, uzito mdogo, protini tele. Na kiwanda kinatafuta protini. Mkataba kapewa shemeji, kwa soya yangu! Ile niliyoitolea jasho juani. Nilifungua mdomo niseme ukweli, nikakutana na macho ya mke, nikaufunga. Nimempongeza shemeji kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mfukoni, umekunja ngumi.

Mtafiti kataja masharti. Soya ilimwe palepale bondeni ilikotoka. Ikipungua protini, kiwanda hakiichukui.

Jumatano, 19 Juni

Sijala. Shemeji tangu jana anatembea taratibu ili asalimiwe na kila mtu. Watu wananiuliza mkataba wangu umefikia wapi. Niseme tu, nimelia kidogo. Bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumapili, 23 Juni

Akili imenijia! Mkataba unafuata shamba, haufuati mtu. Nimemwendea shemeji tubadilishane, yeye mlima, mimi bonde. Kakataa. Nikaongeza mbuzi. Kakataa, ila safari hii taratibu. Nikaongeza ng'ombe wa maziwa. Kasema basi, kwa sababu ya undugu, atajikaza aishi na mlima. Maskini, hana hata habari ya anachokipoteza.

Mke kaniuliza kwa upole kama nakumbuka vizuri ni shamba gani lililotoa ile protini. Nimemwonyesha karatasi. Imeandikwa bonde, kwa wino, na muhuri juu. Waliosoma wamesema bonde, mimi nani nibishane na maabara? Tumesaini kubadilishana wote watatu, mimi, shemeji na mke, mtafiti akishuhudia.

Mke kacheka mpaka kakaa chini. Sijamwona na furaha hivyo tangu harusi yetu. Anajua kaolewa na mwanamume mwenye kichwa.