Pete ya Gramu Thelathini na Moja

Ijumaa, 2 Mei

Leo nimeitoa wayaringi yote, yaani fungu zima la nyaya za umeme, ya gari kuukuu nililolichinja kwa vipuri. Imelala kwenye sakafu ya gereji, mita nne kutoka kichwani hadi mkiani, kama samaki mkunga aliyekufa. Nimeipima kwa mizani yangu ya viazi. Kilo kumi na tisa na gramu mia nne.

Gari ninaloliunda limekuja kwenye makasha kumi na mawili. Halina milango wala paa, halina redio, halina hita. Waya wa kupandisha vioo wa kazi gani, na vioo vyenyewe havipo?

Desmond Pyle, jirani yangu wa kushoto, aliunda gari la aina hii miaka mitatu iliyopita. Wayaringi yake baada ya kupunguzwa ni kilo tisa na gramu mia moja. Ameitaja mara nne tangu Krismasi. Nimehesabu.

Shabaha: chini ya kilo tisa.

Muda: siku kumi na tatu. Ukaguzi wa kupewa namba ni Alhamisi tarehe 15, saa nne asubuhi. Jumatatu tarehe 19 Glenys anapasuliwa nyonga. Daktari amesema baada ya hapo asikalie kiti cha chini kwa miezi mitatu, na kwa nyonga ile huenda asikalie tena maisha. Kiti cha gari langu kiko sentimita kumi na nane kutoka chini, na kukifikia lazima uvuke ubavu wa gari kwa mguu. Kwa hiyo ni sasa au basi.

Gari lisilo na namba haliruhusiwi barabarani ila kwa safari moja: kwenda ukaguzini kwa miadi, na kurudi. Kituo cha karibu kiko maili kumi na mbili. Nimekikataa. Nimeomba cha maili arobaini na moja, ambacho barabara yake inapita ukingoni mwa bahari. Sheria haikusema usitazame pembeni.

Nina ahadi ya miaka arobaini na sita. Tulikuwa na pikipiki yenye kiti cha ubavuni, tukienda nayo baharini kila Jumapili. Niliiuza nikanunua lori la kwanza la viazi. Nikamwambia Glenys nitamrudisha baharini kwa chombo kisicho na paa. Hajawahi kunikumbusha. Ningependa angenikumbusha.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekata nyaya za vioo, redio, hita, mifuko ya hewa, vitasa na taa ya ndani. Jumla kilo saba na gramu mia nane na hamsini. Imebaki kumi na moja na nusu na ushee.

Desmond amechungulia juu ya ua wa miti. Akauliza lebo ziko wapi. Nikamuuliza lebo gani. Akasema alipokuwa akifunga mitambo ya simu, miaka thelathini na mmoja, hawakugusa waya kabla ya kuuandika jina. Kila waya una mama yake, akasema, na wewe unawafanya yatima.

Nikamjibu kwamba nilikuwa na wateja mia na kumi na wanne na bei ya kila mmoja ilikaa kichwani. Mimi sikulelewa na pensheni.

Jumatatu, 5 Mei

Sikukuu. Kazi mezani jikoni, kwa sababu gereji haina mwanga. Glenys amekula akiwa amepakata sahani, siku ya tatu hii. Anaposimama anashika ukingo wa meza kwanza, anahesabu kimoyomoyo, ndipo ananyanyuka.

Nyaya za kijani zote nje. Nyingi za zambarau nje. Waya wa taa ya ukungu ya nyuma nje, gramu arobaini na nne: nani ataendesha gari lisilo na paa kwenye ukungu? Nimeweka kitufe cha kuwashia injini, hivyo kitasa cha ufunguo nje, pamoja na pete ya plastiki iliyokizunguka. Pete haizungushi kitu, haiwashi kitu. Imekaa tu, kama diwani. Gramu thelathini na moja.

Kilo nane na gramu mia mbili na arobaini! Nimempita Desmond kwa gramu mia nane na sitini.

Nimemtangazia juu ya ua. Akauliza kama anaweza kuchukua mabaki, shaba asiitupe mtu. Nimempa mfuko mzima. Mshindi ana haki ya ukarimu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimebonyeza kitufe. Stata inazungusha injini vizuri, lakini injini haishiki. Nimebonyeza mara kumi na saba. Betri imekufa.

Jumapili, 11 Mei

Betri imechajiwa. Pampu ya mafuta nzima. Plagi nzima. Haishiki. Zimebaki siku nne.

Nimemwendea Desmond kwa mbinu. Nikamwambia yupo rafiki yangu wa chama cha waunda magari, mji wa jirani wa Boston, injini yake inazunguka haiwaki. Desmond alikuwa anapogoa waridi. Akauliza huyo rafiki amefanya nini na pete ya kitasa cha ufunguo. Ile pete ndiyo inayousoma ufunguo, akasema. Isipousoma, kompyuta ya injini hudhani wewe ni mwizi, inafunga mafuta.

Nikasema nitamfikishia.

"Mpe pole," akasema. "Na mwambie mkewe pole zaidi."

Jumatatu, 12 Mei

Nimepiga simu kwa wauza vipuri sita. Pete ipo, lakini inauzwa pamoja na kompyuta na ufunguo wake, na inafika baada ya siku tisa. Tisa kwa tatu. Hesabu haikubali.

Kumwomba Desmond mfuko wangu ni njia mojawapo. Naitafuta nyingine.

Jumanne, 13 Mei

Sikupata nyingine.

Glenys alinikuta nimekaa ndani ya gari, gerejini, limezimika. Akauliza kama limeshindikana. Nikasema bado. Akasema nisijisumbue, bahari haitahama, na yeye aliiona alipokuwa na nyonga mbili nzima.

Hilo lilinichoma. Nikashika usukani.

Akachukua fimbo yake akatoka. Nilimtazama dirishani. Kutoka mlango wetu hadi kwa Desmond ni hatua thelathini na nane. Alipumzika mara mbili. Mimi nilikuwa nimesimama tu, na miguu yangu yote mizima.

Wamerudi pamoja. Desmond amebeba makopo manne ya biskuti. Nyaya zangu zote zimo, zimekunjwa kwa rangi. Pete iko peke yake kwenye kikopo cha tumbaku, na juu yake lebo: PETE YA WILF. ATAIULIZIA.

Nikauliza kwa nini hakusema tangu siku ya kwanza.

"Ulikuwa unasherehekea, jirani," akasema. "Mtu hakatizi sherehe ya mwenzake."

Jumatano, 14 Mei

Desmond ameunganisha pete na nyaya zake. Gramu mia na kumi na nane zimerudi. Injini imewaka kwa mbonyezo wa kwanza. Nilijifanya natafuta bisibisi chini ya benchi, kwa muda.

Mchana kutwa wamebandika lebo. Desmond anataja, Glenys anaandika; miaka ishirini na saba alikuwa karani wa shule, mwandiko wake bado umenyooka kama mistari ya daftari. Lebo sitini na tatu. Niliambiwa nichemshe chai.

Kwenye waya wa pete hakuandika jina. Ameandika: USIKATE HUU. G.

Alhamisi, 15 Mei

Tumeondoka saa moja na nusu. Kumpandisha Glenys kulichukua dakika kumi na moja. Desmond alimshika mkono mmoja, mimi mwingine, na mguu ule tukauvusha kama tunavusha kioo cha dirisha. Akatua. Akasema kumbe chini ndiko huku.

Upepo. Kitambaa chake cha kichwa kilipotea maili ya tisa, akanizuia nisirudi kukifuata.

Baharini maji yalikuwa yamejaa. Nikaegesha kando ya ukuta. Nikataka kumsaidia ashuke, akakataa: akishuka hatapanda tena, na haki yake ni mara moja. Basi tukakaa humo humo, kahawia ya bahari mbele yetu, tukanywa chai ya chupa. Aliweka mkono wake juu ya wangu, kwenye gia. Dakika ishirini na mbili. Sikupima kitu kingine.

"Umechelewa, Wilf," akasema. "Lakini umefika."

Ukaguzini tumeanguka. Mkaguzi aliomba taa ya ukungu ya nyuma. Nikamweleza hoja yangu kuhusu ukungu na paa. Akaandika. Glenys alicheka mpaka akashika nyonga.

Marudio ni Alhamisi, 12 Juni. Atakuwa kitandani.

Jumanne, 20 Mei

Upasuaji jana umekwenda salama. Leo nimemkuta amekaa, amepauka, ameomba miwani. Swali lake la kwanza: nimemshukuru Desmond? Nikasema ndiyo. Nilimwinamishia kichwa asubuhi juu ya ua. Alikuwa amenipa mgongo, lakini mtu huhisi.

Nyumbani kimya. Meza ya jikoni iko wazi na sina wa kula naye, nikarudi gerejini.

Waya wa ukungu lazima urudi: gramu arobaini na nne, bila taa yenyewe. Zitafutwe mahali. Nimepima lebo. Moja gramu sifuri nukta tatu. Sitini na tatu ni karibu kumi na tisa. Uzito wa karatasi tupu. Nimezibandua sitini na mbili. Nakumbuka vizuri upi ni upi.

Ile ya USIKATE HUU nimeiacha. Gramu zake nitazifidia kwingine. Kuna waya wa kahawia nyuma ya geji ya mafuta ambao, nimeutazama jioni nzima, sioni kabisa kazi yake.