Mangwe Tatu na Msemaji wa Ukoo

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapotarajia wageni ni kuwauliza wanataka nini. Mgeni hajui anachotaka. Anajua ana njaa, na anataka kujua choo kiko wapi. Mengine yote ni kazi ya mwenyeji. Nimefundisha miaka thelathini na minne na sikuwahi kumwuliza mwanafunzi angependa kusoma nini, na leo wengine ni madaktari. Mmoja, kwa hakika. Wa mifugo.

Mdogo wangu George anafika Ijumaa kutoka Nairobi, na mkewe, na binti yao Christabel. Christabel anaposwa. Wakwe watakuja Desemba, na ukoo unahitaji msemaji: mzee wa kukaa mbele, kupokea hoja, kutaja mahari, na kukohoa panapostahili kukohoa. Baba wa binti ndiye anayemchagua. Tunaofaa ni wawili. Mimi, na binamu yetu Buya wa Ndera, ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi yenye koma.

Kazi hiyo naitaka. Nimestaafu miaka sita sasa na hakuna anayenisikiliza ila kuku.

Mpango ulinijia nikipiga mswaki. Mwaka jana George alitutumia picha kutoka Afrika Kusini, akizungushwa kwenye mashamba ya mizabibu, glasi mkononi, akionjeshwa divai ya hapa na ya pale, kisha chakula cha jioni. Alikuwa akicheka kama bwana harusi. Basi! Sisi hatuna mizabibu, lakini tuna minazi, tuna mikoma, tuna mivumo, yote hutoa pombe. Tuna wagema. Jumamosi nitamzungusha mangwe tatu, yaani vilabu vya wagema, kila mahali nikieleza linavyogemwa tembo la pale, kisha chakula cha jioni hapa kwangu Garsen. Akishashiba, atanichagua.

Nimemweleza mke wangu Dinah. Akauliza kama nimempigia George simu kujua anapenda nini. Dinah hasomi shajara hii, ndiyo shida.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda kwa Chengo, mgema wa minazi, mangwe yake ndiyo ya kwanza kwenye ratiba. Ni lazima nieleze hapa, maana vijana hawajui: mgema hupanda mti asubuhi na jioni. Tembo la alfajiri ni tamu kama maji ya dafu. Kufikia saa tisa limeanza kuuma. Kesho yake linagombana na mnywaji waziwazi. Kwa hiyo nimemwagiza Chengo aweke vibuyu vitatu, cha asubuhi ile, cha jioni iliyotangulia, na cha juzi, ili wageni walinganishe.

Chengo akasema, Mwalimu, la juzi hapa hunywewa na walioachwa na wake zao tu. Nikamjibu kwamba hii ni elimu.

Akanikumbusha pia desturi. Anayeleta wageni ndiye anayekunywa kwanza, mbele ya wote, kuonyesha kwamba hakuna sumu wala nia mbaya. Na anamaliza kata nzima. Ukiacha nusu, watu watajiuliza unajua nini wasichokijua wao. Nikamwambia hayo niliyajua yeye akiwa bado tumboni mwa mamake. Akacheka, akasema basi ule vizuri siku hiyo, Mwalimu, ule ushibe.

Wagema wana majivuno.

Alhamisi, 14 Agosti

Buya yuko Garsen! Amefika na kambare mrefu kama mguu wa mchezaji mpira. Anasema amesikia kuna ziara. Nikamweleza kwa masikitiko makubwa kwamba tuktuk ni mbili na zimejaa. Akasema sawa. Akasema atabaki kumsaidia shemeji Dinah kupika.

Dinah amefurahi kupita kiasi. Anasema ni mara ya kwanza mwanamume wa ukoo huu kuuliza kisu kiko wapi.

Namjua Buya. Anaingia kwa mlango wa jikoni. Lakini msemaji hachaguliwi na mchuzi.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamefika salama. George amekonda. Chai amekunywa bila sukari. Mkewe amekaa na Biblia mapajani tangu alipoketi. Christabel amenikumbatia akaniita Baba Mkubwa Mwenyewe, jina alilonipa akiwa na miaka minne. Nikajifanya kuna vumbi machoni.

Baada ya chakula nikawasomea ratiba, kurasa nne. Kwenye ukurasa wa pili George akafungua mdomo. Nikamwomba maswali tuyaweke mwisho. Mwisho ulipofika alikuwa amelala, na hiyo ni dalili ya kuridhika.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku nzuri. Nzuri sana sana. Nawapenda watu wote hata Buya. Mstari wa daftari hili haujanyooka, nitawaandikia waliolitengeneza.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Kichwa. Dinah alirudi akanisimulia ya jana polepole na kwa sauti kubwa, akipanga sufuria huku akisimulia. Nayaweka hapa pamoja na yale ninayoyakumbuka.

Saa tatu tulikuwa kwa Chengo. Nikaeleza mnazi kuanzia mizizi. Nikanywa kata ya kwanza, nzima, kama inavyopasa. Nikampa George. Hapo ndipo George alipotamka lile alilotaka kulisema kwenye ukurasa wa pili: daktari amemkataza pombe tangu Machi, kwa sababu ya presha. Mkewe ameokoka. Christabel alinusa, akasema Baba Mkubwa, naheshimu, lakini hapana.

Sasa, tembo likishamiminiwa mgeni halirudi kibuyuni. Kulirudisha ni kumwambia mgema kwamba mikono yake michafu, na Chengo alikuwa amesimama palepale na watoto wake wote wamevaa nguo za Krismasi. Mtu alipaswa kunywa. Nikanywa la George. Nikanywa la shemeji. Nikanywa la Christabel. Kisha tukaenda kibuyu cha pili.

Mangwe ya pili ilikuwa kwa Jasper, anayegema mikoma. Nakumbuka nilieleza mkoma vizuri mno. Christabel anasema nilieleza mara mbili, na mara ya pili nilimweleza ndama, ambaye alisikiliza hadi mwisho.

Ya tatu siikumbuki. Nilisisitiza kwamba hatukufika. Dinah akanionyesha kwenye simu video ya Christabel: mimi huyo, nimekumbatia mvumo, nauita jina la mkaguzi wa shule wa zamani, nausamehe.

Mangwe tatu, vibuyu vitatu kila moja, watu wanne. Kuna hesabu hapo ambayo ingefaa kufanywa Jumanne. Mimi nilifundisha Historia.

Chakula cha jioni. Nilisimama kuwakaribisha. Nikasema Wageni Waheshimiwa. Nikalisema tena. Dinah alihesabu mara saba. Kisha nikaketi. Kiti hakikuwepo, Buya alikuwepo. Akanibeba hadi kitandani kama gunia la mpunga, akarudi, akawapakulia wali na kambare wa nazi, akawamiminia maji ya ukwaju, na hotuba yake yote ilikuwa hii: Karibuni, kuleni.

Wanasema George alikula sahani tatu.

Leo mchana George akatukusanya sebuleni, akatangaza. Msemaji ni Buya. Akasema mtu asiyesema huwatia wakwe hofu, watapandisha mahari wenyewe ili aseme kitu.

Nikatazama zulia. Zulia letu lina maua kumi na sita.

Ndipo Christabel akasema kama Baba Mkubwa hana sehemu siku hiyo, basi na yeye hatavaa vizuri. Akasema tangu aposwe kila mtu huongea naye habari za ukumbi na keki, na jana ndiyo siku ya kwanza aliyocheka hadi akashika mbavu. George akakuna kichwa. Akamtazama mkewe. Akasema haya, Kaka atafungua kwa ombi. Ombi fupi, Kaka. Buya akaitikia Amina.

Jumatatu, 18 Agosti

Wameondoka alfajiri. Nilikuwa na huzuni mpaka wakati wa uji. Dinah aliniuliza kwa upole kama kuna nililojifunza. Nikamwambia ndiyo: nilipaswa kuanza na mivumo.

Halafu, katikati ya uji, nikaelewa nimepewa nini!

Msemaji hukatizwa. Mjomba wa bwana harusi anaweza kumkatiza, jogoo anaweza kumkatiza. Lakini anayeomba, nani atamgusa? Wote wamefumba macho. Vichwa vimeinama. Hakuna anayeweza hata kutazama saa. Na katika ombi unaweza kumshukuru Mungu kwa historia ya ukoo tangu Shungwaya walikotoka mababu, kwa masomo ya binti darasa baada ya darasa, na kumkumbusha, kwa unyenyekevu, mahari gani yatampendeza. Nikifika Amina, Buya atabaki na kazi ya kukohoa tu.

Nimeshaandika kurasa kumi na moja na bado sijamfikisha babu yetu mtoni.

Tatizo ni moja, watu wa nyuma watasikiaje. Desemba ina harusi nyingi, na vyombo huchukuliwa mapema. Kwa hiyo najiagiza, leo, kabla ya saa sita: nenda ukakodi kipaza sauti.