Siku Saba za Bingwa wa Kalingi

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimeanza kuandika maisha yangu. Bingwa asipoandika mwenyewe, wataandika wenye wivu. Ubingwa wenyewe bado, ni Jumamosi.

Jengo letu la nguo hapa soko la Liuhua, China, limetangaza shindano la wapangaji, wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Mchezo unaitwa kalingi. Unasukuma jiwe zito lenye mpini juu ya barafu, mwenzako anakimbia mbele akilifagilia njia, na jiwe linalosimama karibu zaidi na katikati ya duara ndilo linalohesabiwa. Basi! Zawadi: duka la ghorofa ya chini, mkabala na ngazi za umeme, miezi mitatu bure.

Hilo duka nalitaka kwa kufa na kupona. Jumapili Kissa, mchumba wangu, anatua uwanja wa ndege wa Baiyun. Tangu mwaka jana nimemwambia nina duka China, tena lina kibao. Nilicho nacho ni nusu ya kibanda ghorofa ya sita, karibu na choo. Nusu ya pili ni ya Karanja wa Nairobi, ambaye jinzi zake huvamia upande wangu kila asubuhi. Naye kajiandikisha na mkewe, Kawira. Roho mbaya tu!

Jumanne, 11 Machi

Nimepata mwenzangu: dada Anastazia wa Mwanza, mnunuzi wa vitambaa kule soko la Zhongda; mwenza si lazima awe mpangaji. Kakubali kwa sharti kwamba nimbebee marobota mwezi mzima. Nikasema sawa hata kabla hajamaliza. Kusema sawa hakuchoshi.

Mazoezi ya kwanza. Tumegawana kazi: mimi kusukuma na kutoa amri, yeye kufagia. Hapa bosi anaitwa laobani, na laobani hafagii. Anastazia kanitazama weee, kisha kashika fagio. Suruali tatu chini ya kitenge! Nikasukuma jiwe la kwanza. Jiwe likabaki, nikaenda mimi. Kwa kidevu.

Mwalimu, bibi mmoja mkali, alieleza sheria saa nzima. Anastazia akawa ananitafsiria, akasema kuna jambo la kutoa mkono, nisikilize vizuri. Nikamwambia mambo ya mikono ni ya wafagiaji, nikaenda kumpigia Kissa. Nikamwambia nimechaguliwa timu ya taifa. Sikutaja taifa gani.

Jumatano, 12 Machi

Mbinu! Alfajiri nimeingia uwanja wa barafu na chupa ya mafuta ya alizeti, nikayapaka mawe mekundu chini. Jiwe lenye mafuta litateleza zaidi, hilo halihitaji shule. Kumbe rangi hupigiwa kura! Mekundu yakamwangukia Karanja. Yakateleza mpaka katikati ya duara, yakasimama kana kwamba yameitwa. Mwalimu akampigia makofi. Walipoondoka nikapiga magoti nikayafuta yote kwa shati langu jeupe, lile la kumpokelea Kissa.

Nimechongesha kibao pia: KISSA NA JOVITUS INTERNATIONAL. Herufi za dhahabu. Fundi kauliza kinatundikwa wapi. Watu wengine wana maswali ya kuudhi.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeingia fainali! Wauza soksi wa ghorofa ya pili tumewatoa jasho, kisha tumewatoa mashindanoni. Anastazia anafagia utadhani anafukuza mwizi. Mimi nimetoa amri mpaka sauti imekauka. Nikatuma picha kwenye kundi la ukoo, mimi na jiwe. Mjomba akauliza kama ndilo la kusagia ulezi. Nimejitoa kwenye kundi.

Karanja naye amepita. Kwenye lifti akaniambia kesho atanichapa vibaya, bro, na ile harufu ya choo nitaizoea tu. Ngoja!

Jumamosi, 15 Machi

Sijui hata nianzie wapi.

Limebaki jiwe moja, la kwetu. Tunaongoza. Karanja kaishiwa. Hata ningelitupa lile jiwe mlangoni, duka ni letu. Simu nimeitegesha, Kissa anatazama akiwa uwanja wa ndege Dar, anasubiri kupanda. Nikaona huu ndio wakati wa kuonyesha utu. Bingwa lazima awe na utu, na utu upigwe picha. Nikavua glovu, nikamwendea Karanja mbele ya umati, nikampa mkono. Nikamwambia pole sana ndugu yangu, ndiyo michezo.

Karanja akaudaka kwa mikono yote miwili. Akautikisa, haachii! Mwalimu akapuliza filimbi. Kawira akapiga vigelegele. Nikamuuliza Anastazia kulikoni. Akanijibu taratibu kwamba kwenye kalingi, anayevua glovu na kutoa mkono kabla mchezo haujaisha ndiye aliyesalimu amri, na kwamba ndicho alichotaka kunieleza Jumanne. Akaweka fagio chini. Akanikumbusha marobota.

Karanja akaichukua simu yangu. Akamkaribisha Kissa dukani kwake, ghorofa ya chini. Akamwambia mimi atanipata juu, karibu na choo.

Nimelia. Humohumo chooni, si ni karibu.

Jumapili, 16 Machi

Nilifika Baiyun mapema, kibao kwapani. Kissa akatoka na sanduku moja. Nikafungua mikono. Hakuja. Akasema kibanda angekivumilia, hata choo angekivumilia, lakini mwaka mzima alikuwa anaongea na mtu asiyemjua. Kwa kuwa tiketi ilishakatwa, atafikia kwa dada Anastazia, waliyeongea jana kwenye simu yangu, atanunua vitambaa vyake, atarudi nyumbani. Akanyoosha mkono. Nikaupokea. Akasema kwaheri Jovitus, akashuka kwenda kupanda treni.

Iliniuma, sifichi. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza namsubiri nani. Kisha akasoma kibao, akaniambia kwa upole kwamba huyo Kissa huenda amechelewa ndege.

Lakini kwenye treni nimetuliza kichwa. Mkono kautoa nani kwanza? Yeye! Mchezo ulikuwa umeisha? Wapi, ndiyo kwanza katua! Sheria ni sheria, sasa nazijua. Kissa kasalimu amri.

Nimeshinda! Kesho nitamweleza mwenyewe, nikipeleka marobota.