Hotuba Iliyofungua Kila Somo

Umma unatangaziwa, kwa furaha na unyenyekevu mkubwa, kwamba wanafunzi wa katikati ya jiji hawatahangaika tena kutafuta video za masomo mtandaoni. Idara ya Maarifa ya Mkononi imeunda Kamati ya Kubaini, Kuchuja na Kuidhinisha Chaneli za Video Zenye Manufaa kwa Wanafunzi, kwa kifupi KAKUKUKUCHAVIMAWA. Kifupi hicho kilijadiliwa kikao baada ya kikao, na mjumbe mmoja aliumwa taya.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba ninayoyaeleza nimeyaona mwenyewe, na yale nisiyoyaona nilikuwa nje naulizia chapati.

Kazi ilianza vizuri. Tulikaa katika ukumbi wetu pale Ilala, mapazia yakafungwa, na mtaalamu wetu wa mitambo, Onesphory, akaturushia video ukutani. Mwenyekiti wetu, Ndugu Awadhi, ni mtu aliyelelewa na mikutano. Hajawahi kunywa maji kwenye hadhara bila kutambua uwepo wa glasi. Alitupa kigezo kimoja tu: elimu yoyote isiyofuata itifaki ni uvumi.

Video ya kwanza ilikuwa ya hesabu. Bwana mmoja alitokea na kuchora pembetatu hapo hapo, hata habari za nyumbani hakuuliza. Tukamkataa. Ya pili ilihusu volkano, nayo ililipuka kabla mgeni rasmi hajawasili. Katika ya tatu alipasuliwa chura, na hadi mwisho hakuna aliyetoa neno la shukrani kwa chura wala kwa familia yake. Mwenyekiti alifuta macho kwa leso akasema, "Ndiyo maana watoto wetu hawana adabu."

Tulizikataa chaneli zote isipokuwa moja. Ilikuwa ya Mwalimu Leticia, anayefundisha Kiswahili cha kidato cha nne akiwa kwenye chumba juu ya duka la vitenge, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Ilikuwa na kasoro. Nyuma ya sauti yake walisikika wapagazi wakipiga kelele "Njia! Njia! Mzigo huo!" ilhali hawakualikwa. Lakini mwalimu huyo alianza kila somo kwa kusema "Hamjambo wanafunzi?" Mwenyekiti alisimama.

"Huyu anajua watu," alisema. "Tatizo lake ni ufupi. Tutamsaidia."

Msaada ulikuwa huu: kila video ya Mwalimu Leticia itafunguliwa rasmi kwa hotuba ya Mwenyekiti. Asipokubali, chaneli yake itatangazwa kuwa haijabainishwa, na hakuna shule itakayoruhusiwa kuitaja. Mwalimu alikubali. Onesphory akarekodi hotuba, ikatoka ndefu mara tatu ya somo, na tukapongezana kwa kushikana mikono.

Mambo yalikuwa shwari mpaka alipokuja Sitara.

Sitara ni binti anayerudia mtihani wa kidato cha nne. Hana shule, hana tuisheni. Asubuhi anajisomea kwa simu, halafu anamsaidia shangazi yake kuuza mitandio hapo hapo Mtaa wa Kongo. Mara ya kwanza aliangushwa na Kiswahili, na hasa ufupisho, lile swali la kupewa habari ndefu ukaambiwa uieleze kwa maneno machache. Shangazi yake alishamwambia wazi kwamba akifeli tena, meza ya mitandio itakuwa yake moja kwa moja na habari za chuo zisahaulike. Aliingia ofisini kwetu na mitandio begani na simu mkononi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, binti. Umekuja kushukuru?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja kuhusu bando."

"Bando lina nini?"

"Naunga bando asubuhi, nafungua somo la ufupisho. Unaanza wewe. Unawasalimia viongozi wa dini, unawasalimia wajumbe, unawasalimia wenyeviti na waliowahi kuwa wenyeviti. Ukifika kwa wazee wa mtaa wa Gerezani, bando limekata. Mwalimu sijamwona mpaka leo."

Mwenyekiti aliegemea kiti. "Wazee wa Gerezani wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea kitu. Ila kwenye mtihani siulizwi hao."

"Kwa hiyo unanisikiliza mpaka Gerezani?"

"Sina pa kwenda."

"Katibu, andika," Mwenyekiti aliniambia huku uso unang'aa. "Ushahidi umepatikana. Wananchi wanafika mpaka Gerezani."

Hapo Onesphory, ambaye hajui kunyamaza, akakohoa. "Huyu anafika kwa sababu ni mwadilifu, Mwenyekiti. Wengi wanaruka."

"Wanaruka nini?"

"Wanakuruka wewe. Ukibonyeza mara mbili pembeni ya skrini, video inasogea mbele."

Mwenyekiti aliuliza taratibu kama mtu aliyeletewa habari ya msiba: "Mimi? Wananiruka mimi?" Kisha akatoa agizo. Kuanzia siku hiyo hotuba isikae mwanzoni peke yake. Isambazwe ndani ya somo lote kama nazi kwenye wali, ili atakayeiruka aruke na elimu yake.

Sitara alitutazama mmoja mmoja. "Nimekuja mnipunguzie, mmeniongezea," alisema. Alitoka bila kuaga. Nilimwonea huruma sana, lakini huruma haikuwa kwenye ajenda.

Mwalimu Leticia aliitwa akaelezwa. Alisikiliza, mikono yake ikiwa bado na chaki.

"Hotuba iwe ndani ya somo lote?" aliuliza.

"Lote," alisema Mwenyekiti.

"Na wanafunzi waisikilize kwa makini?"

"Neno kwa neno."

"Sawa, Mwenyekiti. Hilo naliweza."

Akaondoka anatabasamu, nami nikaandika kwamba mwalimu ameonyesha ushirikiano.

Video mpya ilipokuja, Kamati ilikaa kuihakiki. Ilikuwa hotuba ya Mwenyekiti tupu, mwanzo hadi mwisho. Mwalimu Leticia alikuwa ameinakili yote ubaoni kwa mwandiko mzuri, na kila sentensi alikuwa akiipitishia mstari mwekundu. Spika zetu siku hiyo ziligoma, kwa hiyo hatukusikia maelezo yake, lakini mistari ilionekana vizuri kutoka nyuma.

"Mnaona?" alisema Mwenyekiti kwa sauti nzito. "Amepigia mstari kila kitu. Hakuna neno aliloliona halina maana."

Tuliidhinisha kwa kauli moja.

Alichokuwa anakisema Mwalimu, nilikuja kukisikia baadaye kwenye simu ya muuza maji: "Wanafunzi, habari yetu ya kufupisha leo ni hotuba hii. Tutafanya hivi. Tunatoa salamu. Tunatoa marudio. Tunatoa mapambo. Kinachobaki ndicho ufupisho."

Video hiyo ilienea Kariakoo nzima. Waliokuwa na mtihani waliitazama, na wasio na mtihani waliitazama zaidi. Wapagazi waliacha kusema "Njia!" wakawa wanasema "Itifaki imezingatiwa!" na watu wanapisha. Wauza soksi walimwona Mwenyekiti akipita wakamwita, "Mzee wa Gerezani!" naye aliwapungia mkono, moyo umejaa. Jioni alikuwa akimwomba Onesphory amsomee idadi ya watazamaji, na kila akisomewa alikuwa akisema, "Nilijua ipo siku."

Mafanikio ya namna hiyo hayawezi kukaa bila kuzinduliwa. Tulialika mkubwa kutoka juu, Mheshimiwa Rogath. Sherehe ilipangwa viwanja vya Jangwani, mvua ikanyesha, viwanja vikawa bwawa, tukahamia ukumbini Ilala. Meza kuu ilipambwa. Wazee wa Gerezani wenyewe waliletwa wakakalishwa mstari wa mbele. Wanafunzi walijaa hadi madirishani. Mwalimu Leticia alikuja na ubao wake wenye hotuba, na Sitara aliitwa kama mwanafunzi wa mfano, kwa kuwa ndiye pekee aliyethibitika kufika Gerezani bila kuruka.

"Binti," alisema Mheshimiwa, "hotuba ya Mwenyekiti imekufundisha nini?"

"Kufupisha, Mheshimiwa."

"Vizuri sana. Hebu tufupishie."

Sitara alisimama wima.

"Mwenyekiti yupo," alisema.

Tulisubiri. Mheshimiwa alisogeza sikio.

"Endelea," alisema Mheshimiwa.

"Nimemaliza, Mheshimiwa."

Kicheko kilichoanza madirishani kilifika meza kuu bila kuomba ruhusa. Mwenyekiti aliinuka amevimba. Alisema huo ni upotoshaji, hotuba yake imesheheni, na ili kuwaonyesha, ataifupisha yeye mwenyewe, hadharani, kwa kanuni zile zile. Mwalimu Leticia alimkabidhi chaki nyekundu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Mwenyekiti alisoma mstari wa kwanza ubaoni. "Hapa nawatambua viongozi."

"Salamu!" ukumbi ukajibu.

Akakata. "Hapa nasema nasimama mbele yenu."

"Unaonekana!"

Akakata. "Hapa nasema kwa hiyo basi, kwa maana hiyo, hivyo basi."

"Mapambo!"

Alikata, alikata, jasho likamtoka. Alipofika kwa wazee wa Gerezani chaki ilisimama. Alisema hao hawagusi, hao ni nguzo. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyanyua mkono.

"Futa tu, mwanangu," alisema. "Tumeshasalimiwa vya kutosha. Kila tukipita mjini tunasalimiwa kwa ajili yako."

Wakafutwa. Mwisho ubaoni likabaki neno moja: Ahsanteni. Mwenyekiti alirudi nyuma akaligeukia kwa fahari iliyochoka. "Hilo hapo," alisema. "Hilo ni la kwangu."

"Hilo ni la kufungia, Mwenyekiti," alisema Mwalimu Leticia kwa upole. "Nalo linatoka."

Mwenyekiti akalikata mwenyewe, na ninamsifu kwa hilo. Mwalimu akaupitia ubao mzima, akaweka alama ya vema kwenye kona.

"Sahihi kabisa," alisema.

Sitara alishika kichwa. "Kumbe mimi nilizidisha maneno mawili!"

Ratiba ni ratiba. Nilisimama nikamkaribisha Mheshimiwa Rogath atoe hotuba yake. Msaidizi wake alikuja na karatasi zilizobanwa kwa pini kubwa, akaziweka mbele yake. Mheshimiwa akavaa miwani, akakohoa, akainua uso. Ukumbi mzima ulikuwa umetoa kalamu. Hata wazee wa Gerezani waliazimana.

Mheshimiwa alizitazama kalamu zile. Alizitazama karatasi zake. Akageuza ukurasa wa kwanza, wa pili, akaruka hadi wa mwisho, akausoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Akavua miwani.

"Chakula kinapoa," alisema, akakaa.

Alishangiliwa kuliko kiongozi yeyote niliyewahi kumwandalia maikrofoni.

Hotuba ziliondolewa kwenye masomo kesho yake kwa agizo la simu. Mwalimu Leticia amerudi kwenye "Hamjambo wanafunzi?" na wapagazi wake nyuma. Kamati haikuvunjwa, kwani kuivunja kungehitaji sherehe na sherehe ingehitaji hotuba, na siku hizi hakuna mkubwa anayekubali kufungua kitu chochote hapa mjini. Wanakuja, wanakata utepe kimyakimya, wanaondoka mbio. Ndugu Awadhi bado anakaa ofisini. Mtu akimsalimia, anafikiri kwanza.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, mimi niliagizwa niandike taarifa hii ipelekwe juu. Kwa tahadhari, niliipitisha kwanza kwa Mwalimu Leticia aihakiki. Jana imerudi, mistari myekundu kila ukurasa, kuanzia umma unatangaziwa hadi chapati. Amebakiza maneno mawili ya mwisho, naye anasema hayo ndiyo yapelekwe:

Sitara amefaulu.